Konde Boy na sisi tunaoitwa Wamakonde

Ukitokea kusini ya Mto Rufiji ukaja kusoma chuo, jiandae: wewe ni Mmakonde. Haijalishi kama kwenu ni Mmwera wa Ruangwa, Myao wa Tunduru au, kama mimi, Mmakua wa Lukuledi, Masasi. Utaeleza mara ya kwanza, utaeleza mara ya pili, halafu utachoka na utaitika tu. Na spika ya chumba cha jirani hosteli ikipiga wimbo wowote wa Harmonize, lazima atokee mtu akupigie kelele dirishani: “Wewe Mmakonde, mtu wenu huyo!”

Makala hii inajaribu kueleza huo “mtu wenu” maana yake nini. Wengi humu chuoni wanazijua nyimbo za Harmonize kuliko mimi, wanazicheza vizuri kuliko mimi (kucheza siwezi kabisa), lakini sijaona mtu akieleza kwa nini huko kwetu zinasikika tofauti na zinavyosikika Sinza.

Tuanze na lile jina, maana bila kulielewa jina huwezi kuuelewa umaarufu wake kusini. Mmakonde wa kwenye vichekesho vya nchi hii ni mlinzi wa geti, ana nembo usoni, na Kiswahili chake kimepinda. Nembo zile, pamoja na ndonya ya mdomoni, kwa wazee zilikuwa urembo na utambulisho: mtu akikutazama usoni anajua umetoka wapi. Mjini zikageuka kichekesho. Wakati huohuo nenda soko la vinyago la Mwenge uone kinyago cha Kimakonde kinavyofungwa vizuri kwenye magazeti kikasafiri Ulaya. Nchi ilikipenda kinyago cha Mmakonde mapema sana, yeye mwenyewe ikamwacha getini. Hata neno “machinga”, ambalo leo kila mtu analitumia kwa mfanyabiashara ndogondogo yeyote, wengi wanaeleza kwamba limetokana na Wamachinga, watu wa Lindi, vijana waliokuja Dar kuuza vitu mkononi.

Mtu ataniuliza: mbona Masasi mlitoa rais? Kweli, Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, na alizikwa hukohuko Julai 2020. Na daraja la Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003 lina jina lake. Kabla ya hapo mvua ikinyesha safari ya kusini ilikuwa bahati nasibu. Lakini Mkapa aliheshimiwa kama msomi na mwanadiplomasia. Hakuna kijana aliyekaa kijiweni Kariakoo akajiita “Mkapa Boy” ili apendwe na wasichana.

Sasa ndiyo anaingia Rajab Abdul Kahali. Ametokea Chitohori, Tandahimba, wilaya iliyomegwa kutoka Newala, juu kwenye tambarare ya Makonde ambako korosho zipo nyingi na maji ni shida. Alikwenda Dar kama wanavyokwenda vijana wengi wa huko, kutafuta maisha Kariakoo. Alijaribu Bongo Star Search akarudishwa. Mashindano yale yalianzishwa ili kumtafuta nyota, na mmoja wa nyota wakubwa waliowahi kusimama mbele ya meza ya majaji wakamkosa! Mwaka 2015 alisainiwa WCB Wasafi ya Diamond Platnumz, akiwa msanii wa kwanza kusainiwa na lebo hiyo, na akatoa “Aiyola”. Mimi nilikuwa shule ya msingi bado. Mwaka 2016 zikafuata “Bado”, aliyoimba na Diamond, na “Matatizo”, kisha mwaka 2018 “Kwangwaru”, ambayo sidhani kuna harusi ya mwaka ule haikuipiga.

Jina alilokuja nalo, Harmonize, ni la Kiingereza na halina harufu ya mahali popote. Angeweza kubaki nalo hilohilo. Wasanii wengi wa mikoani wanafanya hivyo, wanakuja mjini wanakuwa watu wa mjini, ukitaka kujua kwao ni wapi mpaka uulize. Yeye alikwenda kinyume: kadiri alivyozidi kupata jina, ndivyo alivyozidi kujiita Konde Boy. Mwaka 2019 alipoondoka WCB akaanzisha lebo yake, akaiita Konde Music Worldwide, na kundi lake likawa Konde Gang. Yaani neno lile la kukutania getini sasa limeandikwa kwenye fulana, na watu wa Arusha na Mwanza wanalivaa.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuliangalie neno lenyewe kidogo. “Konde” katika Kiswahili ni shamba. Pia ni ngumi. Mtu anapigwa konde. Na ukilitoa m- na wa- kwenye Mmakonde na Wamakonde, kisha ukaondoa na ma-, unabaki na hilohilo konde. Sijui kama alikaa akafikiria yote hayo au ni mdomo tu ulilipenda. Lakini jina lenye shamba, ngumi na kabila ndani yake, kwa kijana aliyetoka kwenye mikorosho akaja kupambana mjini, sioni lingemfaa vipi zaidi.

Nyimbo zenyewe sasa. Nina nadharia moja ambayo wenzangu wa darasa la fonolojia wamenicheka, na bado naishikilia. Katika Chimakonde, irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa, hasa sentensi inapomalizika. Kiswahili nacho huweka mkazo hapohapo, lakini Mmakonde anavuta kweli, unasikia mtu kama anaegemea neno kabla ya kuliachia. Sikiliza vibwagizo vya Harmonize vilivyoshika watu kwa kipindi cha mwanzo. Majina yenyewe yanakuambia: Aiyola, Matatizo, Kwangwaru, Kainama. Yana silabi tatu au nne, na mzigo wote umewekwa kwenye ile ya pili kutoka mwisho. Pale ndipo sauti inapolala na kutetemeka kidogo. Mimi nikisikia pale namsikia mzee wa Newala akisalimia watu asubuhi. Mtu wa Tanga atasema ni taarabu, mtu wa Lagos atasema ni Afrobeats, na wote watakuwa na haki, kwa sababu biti zake zimechota kotekote. Ila mvuto ule wa irabu mimi nauhesabu ni wa tambarareni.

Angalia pia kwamba maneno kama “Aiyola” na “Kwangwaru” huyakuti kwenye kamusi sanifu. Ni maneno yanayoishi kwa sauti. “Sandakalawe” ya mwaka 2021 ndiyo mfano mzuri zaidi: ni wito wa watoto, anaopiga mmoja kabla ya kurusha kitu ili wengine wagombanie, na wengine wanaitikia. Kila Mtanzania aliyecheza nje alipokuwa mdogo analo neno hilo mwilini. Msanii akilitia kwenye wimbo hana haja ya kukufundisha kiitikio. Unakijua tangu ukiwa na miaka mitano.

Nimesema lafudhi, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo jambo hili linapotuuma sisi tunaokwenda kuwa walimu.

Kimakua hakina sauti za b, d na g kama zile za Kiswahili. Ndiyo maana mtoto wa Kimakua anayejifunza Kiswahili anaweza kukuambia “pata” akimaanisha bata, na “tawa” akimaanisha dawa. Mmakonde naye, pale Kiswahili kinapoweka m-, kwao mara nyingi kuna n- inayosikika kama silabi nzima. Mti ni nnandi. Ukiona jina la ukoo kama Nnauye ujue limetoka pande zetu. Huo ni mfumo wa sauti wenye kanuni zake, na kosa la mtoto linatabirika kama hesabu. Mwalimu anayeujua mfumo huo anaweza kumsaidia mtoto kwa wiki chache. Asiyeujua anaona mtoto mjinga, na darasa linacheka.

Mwaka jana nilipokuwa fildi, mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari ambayo haiko kusini, mwalimu mmoja aliyekaa nyuma kunisikiliza aliniambia somo ni zuri “ila toa hiyo Kimasasi mdomoni, watoto watakuzoea vibaya.” Alisema kwa upole kabisa, wala hakukusudia ubaya. Jioni yake wanafunzi wale wale walikuwa wanafagia uwanja huku wanaimba “Kwangwaru” kwa kumwiga Harmonize mpaka mivuto yake. Wakiiga lafudhi ya kusini kwa raha zao, kwa sababu iko kwenye wimbo! Nilicheka peke yangu. Lakini ukweli ni kwamba kesho yake niliingia darasani nikiangalia kila d yangu.

Hiyo ndiyo kazi ambayo nyimbo za huyu bwana zimefanya bila kukusudia. Haziondoi dharau. Zinaifanya iwe ngumu kidogo. Mtoto wa Chikundi au Chiungutwa akifika mjini leo akatajiwa Umakonde, ana jibu la haraka ambalo kaka zake hawakuwa nalo.

Kuna na suala la kiuno. Mwaka 2019 Harmonize alitoa “Uno”, na wengi waliuchukua kama wimbo wa kukata mauno tu, basi. Kwanza angalia umbo lake: kiuno ukikiondolea ki- unapata ukubwa, kama kikapu na kapu. Kwa hiyo “uno” ni kiuno kilichokuzwa, na tayari unajua wimbo unaelekea wapi. Pili, ngoma iliyolifanya jina la Wamakonde lijulikane nchi nzima ni sindimba, na sindimba inachezwa kwa kiuno. Baada ya uhuru, kikundi cha taifa cha ngoma kilipoundwa miaka ya 1960, sindimba iliingizwa humo, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali, ikasambaa mashuleni. Leo shule ya Kagera au Mbeya ikitaka kumfurahisha mgeni rasmi ina uwezekano mkubwa wa kucheza ngoma ya Wamakonde bila kuwa na Mmakonde hata mmoja. Na tangu wakati huo hawakosekani watu wa kulalamika kwamba viuno vimezidi. Kwa wenyewe, kiuno kilikuwa na mahali pake na wakati wake. Jukwaani kimebaki kiuno tu, wakati na mahali vimeachwa kijijini. Kwa hiyo wanaosema “Uno” imeharibu maadili wanarudia malalamiko ya miaka sitini, na wao hawajui.

(Wimbo huohuo uliondolewa YouTube kwa muda baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai biti imechotwa kwenye kazi yake. Mnaosoma sheria za hakimiliki mnaweza kuandika makala nyingine kuhusu hilo. Mimi napita.)

“Kwangwaru” nayo ina maisha ya pili yanayostahili kuelezwa. Ilianza kama wimbo wa mapenzi mwaka 2018. Mwaka 2019 melodi ileile ikarudi ikiwa na maneno mapya ya kumsifu Rais Magufuli, na wimbo ukaitwa kwa jina lake. Oktoba mwaka huo Rais akiwa kwenye ziara ya kusini alisema hadharani kwamba angependa Harmonize agombee ubunge Tandahimba. Hakugombea, lakini fikiria maana ya kauli ile kwa watu waliokuwa wanasikiliza. Msimu wa korosho uliokuwa umetangulia ulikuwa mgumu: wanunuzi walikuja na bei ndogo, wakulima wakagoma, Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kubeba mzigo. Wapo waliosubiri malipo muda mrefu, na humu chuoni tuna wenzetu ambao ada za sekondari zao zilikuwa ndani ya magunia yale. Kwa watu hao kumwona mtoto wa Chitohori akitajwa na Rais kulikuwa na utamu na uchungu kwa pamoja. Wimbo ulikuwa umefika Ikulu, hela ya korosho ya baadhi yao ilikuwa haijafika nyumbani.

Simlaumu kwa kusifu. Manju wa ngoma za kijijini husifu anayeitisha ngoma, ndiyo kazi yake. Ila manju huyohuyo usiku wa manane, pombe ikishakolea, humchoma mkubwa kwa fumbo. Hilo la pili Harmonize bado hajatupa.

Na kuna jambo la tatu ambalo hajatupa, na hili ndilo ninalomdai hasa. Amechukua jina la Kimakonde, amechukua (kwa nadharia yangu) mvuto wa Kimakonde, lakini nyimbo zake kubwa karibu zote ni Kiswahili chenye Kiingereza ndani. Chimakonde chenyewe kimebaki nyumbani. Nafahamu sababu: soko. Ukiangalia “Afro East”, albamu yake ya Machi 2020, ina Burna Boy, ina Yemi Alade, ina Morgan Heritage. Mtu anayeimba na hao anaiangalia dunia, hatazami Kitangari. Albamu ya mwaka uliofuata, “High School”, ilinipa matumaini kwa jina lake. Nilidhani mtu wa ualimu nitapata changu. Ina wimbo unaitwa “Teacher”, lakini mwalimu wa humo hafundishi hisabati.

Maoni yangu, na mtanisamehe mashabiki wa siku hizi, ni kwamba bora yake iko mwanzoni. “Matatizo” ni wimbo wa kijana aliyeelemewa, hauna majigambo hata chembe. “Never Give Up” ya mwaka 2019 inasimulia maisha yake mwenyewe tangu Mtwara, na ndiyo ninayoisikia zaidi nikirudi likizo, kwenye spika za bodaboda hapo njia ya Masasi kwenda Nachingwea. Sijawahi kumsikia dereva wa bodaboda wa Lukuledi akipiga “Single Again”, ingawa mjini mwaka 2023 ilikuwa haina pa kukwepa. Na lile jina lake lingine, Tembo, kwetu linakwama kabisa. Mjini tembo ni ukubwa na heshima. Muulize mkulima wa Liwale, Nachingwea au Tunduru aliyeamka akakuta shamba la mahindi limelazwa chini lote, atakwambia tembo ni nini.

Lakini hata lile la Chimakonde naona halijafungwa. Vijana wa singeli wanaimba kwa kasi na kwa maneno ya mtaani kwao bila kumuomba mtu ruhusa, na nchi nzima inawafuata bila kuelewa nusu ya wanachosema. Kama mtu anaweza kucheza asichokielewa kutoka Nigeria, atacheza na asichokielewa kutoka Newala.

Wiki yangu ya mwisho fildi niliwapa Kidato cha Pili zoezi la ukubwa na udogo wa nomino, nikawaambia watumie majina ya nyimbo wanazozipenda. Wengi, kama nilivyotarajia, waliandika “Uno”. Binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye muhula mzima alikuwa anajibu kwa kunong’ona, aliandika “Uno: ukubwa wa kiuno”, kisha pembeni kwa penseli akaongeza orodha ndogo: Chitohori, Chikundi, Chigugu, Chiungutwa. Chini yake akauliza, “Mwalimu, hii chi- ni sawa na ki-? Kama ni sawa, basi haya majina ni udogo wa nini?” Kumbe bibi yake ni wa Chigugu, na hakuna mtu pale shuleni aliyekuwa anajua. Swali lake nimekuja nalo mpaka chuoni na sijapata jibu la kumridhisha. Mwenye Chimakonde cha kutosha anitafute, Kitivo cha Elimu, mwaka wa tatu.